Shefu wa Visahani Vidogo

Mtu wa kwanza kunitukana kwa Kihispania alikuwa Mkongo. Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki la mgahawa mmoja mjini Louisville, mikono imelowa hadi viwikoni, na kosa langu lilikuwa kumwaga mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha kamba. Kamba wale walikaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili kavu, na kumbe mafuta yao ndiyo chakula chenyewe. Mlaji huchovya mkate humo mpaka kikaango kikauke. Alinitukana kwanza kwa Kihispania, akaja kwa Kifaransa, na alipoona nimekodoa macho tu, akashukia Kiswahili cha Bukavu.

"Weye, minakuuliza. Mu Sevilla, mtu akimwaga mafuta ya gambas, wanamufanyaka nini?"

Nikasema sijui, Shefu.

"Wanamufukuza. Donc weye uko na bahati, hatuko kule."

Sote tulimwita Shefu. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya shifti ukutani, juu kabisa, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Hata mkewe, Mama Furaha, mwanamke mpole aliyekuwa shemasi kanisani kwetu, alimwita Shefu, na sikujua kama ni mapenzi au uchovu.

Habari za ukoo wake sizijui, na hakupenda kuulizwa. Alichopenda kuulizwa ni Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania, ambako alikaa miaka tisa katika jiko la baa yenye meza nne. Alianza kwa kuosha vyombo, kama mimi, akamalizia mbele ya moto. Miaka hiyo yote mkewe na binti yake walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Mama Furaha ndiye aliyeletwa Marekani kwanza, ndiye aliyejaza makaratasi ya kumvuta mumewe, na Shefu akatua Louisville na sanduku moja, lugha nne na ulimi ambao sijapata kuona mfano wake. Akionja mchuzi alijua nani kaupika. Alijua pia kama mpikaji ana hasira. Hilo la hasira nililiona maneno matupu mpaka siku aliponiita, kijiko kikiwa bado mdomoni, akaniambia nitoke nje nikapumue kwanza. Kweli nilikuwa nimetoka kugombana na dada yangu kwa simu.

Mwenye mgahawa, ambaye tulimwita Bosi, alikuwa Mmarekani aliyekwenda Hispania wiki moja kwa fungate akarudi na wazo. Ilikuwa ile miaka ya 2014 na 2015, watu walipokuwa wanakipiga picha chakula kabla ya kukila, na visahani vidogo vilipendeza sana kwenye simu. Bosi alikuwa na visahani. Mpishi hakuwa naye. Shefu alikwenda pale kuomba kazi ya kufagia, akapewa kikombe cha salmorejo aonje kwa ukarimu tu. Ile ni supu baridi ya nyanya na mkate, inasagwa na mafuta ya zeituni mpaka inakuwa nzito kama uji. Shefu akaonja, akakirudisha kikombe, na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akasema hiki ni chakula cha mtoto mgonjwa. Wiki iliyofuata jiko lilikuwa lake.

Mimi nilikuwa nalitaka jiko hilo. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, na pale Louisville asubuhi nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja huko Jeffersontown, mchana napanda basi kwenda kuosha vyombo vya Bosi. Mgongo ulikuwa unaniambia kila siku kwamba siwezi kuendelea na yote mawili. Mtu wa jikoni alipata saa za kutosha kuachana na maboksi. Na zaidi ya hayo nilipenda kupika, nilikuwa napenda tangu nikiwa mtoto wa kumkorogea mama yangu maharage. Bosi alikuwa amemwachia Shefu kuchagua nani asimame karibu naye, na Shefu alikuwa na sharti moja. Kulikuwa na vyakula tisa vya Sevilla. Atakayevipika vyote tisa, na kila kimoja Shefu akaonja akasema "oui", yaani ndiyo, atasimama jikoni. Kama atasema chochote kingine, unarudia.

Vyakula hivyo alivitaja kama mtu anayeelekeza abiria walioshika tiketi. "Ukifika Sevilla," ndivyo alivyoanza kila mara, na wasikilizaji wake walikuwa watu ambao safari yao ndefu ya wiki ilikuwa kutoka mtaa wetu wa Shively kwenda kulipa bili ya umeme. Ukifika Sevilla usikae kwenye kiti. Anayekaa ni mgeni, atauziwa wali wa njano wa watalii. Simama kwenye kaunta, agiza zeituni na kitu cha baridi, kula kidogo, lipa, toka, nenda baa ya pili. Kila baa ina chakula chake kimoja. Hapa utakula mchicha uliopikwa na dengu zile kubwa za mviringo na bizari, pale utakula papa mdogo aliyelazwa kwenye siki usiku mzima kisha akakaangwa. Konokono usiwaagize mpaka joto lianze, na ukiwaona kabla ya hapo ujue ni wa makopo. Mkia wa ng'ombe uache mwisho, maana baada yake hakuna chakula kitakachokuwa na ladha. Alimweleza haya yote hata mwanamke aliyekuwa akimsafisha meno, mdomo ukiwa wazi, na mwanamke yule, tuliambiwa, aliandika.

Mke wake hakuandika. Siku moja nilikuwa kwao Shively, Shefu anasimulia jinsi kamba wa Sevilla wanavyotiwa chumvi ya mawe, Mama Furaha akaweka mezani bakuli la sombe, kisamvu cha Kikongo, akasema bila kupandisha sauti:

"Miaka tisa mi na mutoto tulikula unga ya njano ya msaada. Weye ulikuwa unakula kamba. Sasa unakuja kunielezea chumvi yake ilikuwa namna gani."

Shefu akavuta bakuli, akala sombe yake. Sikuwahi kumsikia akikosoa chakula cha mkewe, wala kukisifu. Alikila chote kila siku, akapangusa sahani kwa ugali, akasema asante mama. Jikoni kwake nyumbani hakuingia.

Kazini hakuwa na haya. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Uvira, mtu wa miwani na kalamu mfukoni. Shefu alimpa kazi ya kumenya dengu, moja moja, ngozi ile nyembamba itoke, shifti nzima, na kila akipita alimwinamia akisema, "Monsieur le Préfet, wanafunzi wako wako wangapi leo?" Yule mzee alicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili aliacha kazi akaenda kufunga maboksi. Kuna mwingine, kijana wa watu aliyeoa juzi, alitengeneza vidonge vya kuku na maziwa vile vinavyoviringwa na kukaangwa, akavipanga vizuri kwenye trei. Shefu alionja kimoja, kisha akavitupa vilivyobaki kwenye pipa kimoja kimoja, akihesabu kwa Kihispania, na alipofika ishirini na mbili akamwomba kijana ahesabu naye.

Zamu yangu ilikuja na tortilla. Kule Sevilla si chapati ya mahindi kama wanavyoiuza Wameksiko, ni mayai na viazi. Aliponieleza hivyo nilikaribia kupiga vigelegele. Mayai na viazi! Nani aliyekulia Kigoma asiyejua mayai na viazi? Nikakaanga viazi vikawa vya rangi ya dhahabu, vikalia kila nilipovigeuza, nikavimwagia mayai, nikageuza, nikampelekea na kachumbari pembeni. Shefu aliitazama sahani kama mtu aliyeletewa kiatu.

"Bon. Hii ni nini?"

"Tortilla, Shefu."

"Hapana. Hii ni chipsi mayai. Mi nilipitaka Kigoma, niliikula ku stendi. Viazi ya tortilla haikaangwe, inalala mu mafuta, polepole, mpaka inachoka. Weye umeipiga. Juu ya nini umeipiga?"

Na akawaita wote, waje waone chipsi mayai. Tangu siku hiyo kwa miezi mingi alinipokea mlangoni kwa kuuliza kama nimekuja na tomato sosi. Nilirudia tortilla mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano alionja, akafumba macho, akasema "oui" kwa sauti ambayo ungedhani anakubali kung'olewa jino. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, na ninajionea aibu mpaka leo kwamba neno moja la mtu mkatili lilikuwa na uzito huo kwangu.

Ila kuna siku moja ambayo sijui niiweke wapi. Mama yangu alifia kambini na habari zikanifikia kwa simu nikiwa ghalani. Watu wakaja nyumbani kwangu kama inavyopasa, Warundi na Wakongo, sebule ikajaa, viatu vikajaa mlangoni. Wanawake walileta wali, maharage, ndizi za kupika, masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyanyanyua. Kwetu aliyekuja msibani anapakuliwa mpaka sahani ielemee, hata kama hatamaliza, maana sahani iliyojaa ndiyo inayosema karibu. Saa tisa hivi mlango ukafunguliwa, Shefu akaingia na trei nne. Juu ya trei hizo kulikuwa na visahani. Zeituni tatu kila kisahani. Kipande cha tortilla cha ukubwa wa sabuni ya hotelini. Kijiko kimoja cha mchicha na dengu.

Watu waliduwaa. Mama mmoja alisema kwa Kirundi, na wala hakunong'ona, kwamba mtu huyu amekuja kutupimia. Mzee wa kanisa alikishika kisahani chake kwa vidole viwili, akatafuta pa kukiweka. Shefu alisimama katikati ya sebule akaeleza kwamba Sevilla ndivyo wanavyomkumbuka mtu, wamesimama, wanakula kidogo kidogo, wanaongea. Hakuna aliyesimama. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilikuwa sijala tangu jana yake, wali ule ulikataa kupita, na kile kijiko kimoja cha mchicha kilipita. Nikala kisahani cha pili. Shefu aliniona, akakusanya trei zake akaondoka kabla ya maombi. Siku ya tatu niliporudi kazini aliniuliza kama nimeleta tomato sosi.

Sasa nifike kwenye nguruwe. Kanisa letu linaabudu Jumamosi, haligusi pombe na halili nguruwe, na mimi nilikuwa naongoza kwaya ya akina mama. Shefu alikuwa muumini wa kanisa hilohilo. Alikaa benchi la tatu, na akiombwa kuomba aliomba maombi mazuri mno, ya Kifaransa na Kiswahili, wanawake wakatoa leso. Siku nyingine zote za wiki alikuwa anakata paja la nguruwe lililokaushwa, vipande vyembamba vya kuonea jua, na kila kipande cha tatu kiliishia mdomoni mwake. Sote tuliofanya kazi pale tulijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu ni kazi, na kwa sababu ni Shefu.

Baada ya karibu miaka miwili nilikuwa na "oui" nane. Cha tisa kilikuwa carrillada, yaani shavu la nguruwe, linapikwa polepole kwenye mvinyo mpaka uma ukiligusa linaachia. Nilipika nikipima kwa pua na kwa macho. Nikampelekea.

"Umeonja?"

"Hapana, Shefu. Inakatika vizuri, na mchuzi umekuwa mzito."

"Hata paka ukimupika siku muzima atakatika. Minakuuliza kama umeonja."

"Shefu, unajua imani yangu. Tunasali pamoja."

"Kanisani mi ni ndugu yako. Hapa mi ni Shefu. Mupishi mwenye hajaonja anawapa batu kintu hajui. Unataka jiko, onja. Hutaki, sinki iko pale, haijaenda fasi yoyote."

Nilichota kwa kijiko. Nilimfikiria mchungaji, nikaufikiria mgongo wangu na maboksi. Nikaonja. Nitakuwa mwongo nikisema haikuwa tamu. Ilikosa majani kidogo, nikaongeza jani moja na tone la siki, nikaacha ichemke, nikaonja tena, na hiyo mara ya pili hakuna aliyenilazimisha. Shefu akachukua kijiko chake, akafumba macho. "Oui," akasema. La tisa.

Wiki tatu baadaye kulikuwa na harusi kanisani. Shefu alikuwa meza ya wanaume, mmoja akamtania kuhusu nyama za Wazungu anazopika, naye akataka kuwachekesha. "Hee, muniache mi," akasema. "Mwenye kuongoza kwaya yenu anaijua nguruwe kunipita." Wakacheka sana. Kicheko kikapita meza kwa meza mpaka kikamfikia mke wa mchungaji, ambaye hakucheka. Niliitwa ofisini nikaulizwa, na sikukana. Nikawekwa kando miezi sita, hakuna kwaya, hakuna kusimama mbele, benchi la nyuma karibu na mlango. Akina mama wa kwaya walikuwa wanageuka kunitazama. Shefu hakuulizwa na mtu. Alibaki benchi la tatu, akaomba maombi yake mazuri.

Nilimfuata kwenye maegesho ya magari. Nikamuuliza kwa nini.

"Bon, ilikuwa muzaha," akasema, na akatafuta funguo mfukoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilijipa moyo kwamba angalau jiko nimelipata. Mwezi ule ule nafasi ikatokea, na Shefu akamwambia Bosi amchukue mwanamume mmoja kutoka duka la pizza. Nilikwenda jikoni na aproni yangu mkononi. Nikamwambia nina "oui" tisa.

"Uko nazo," akasema. "Lakini niliangalia uso yako. Weye unaonja sawa mutu mwenye anameza dawa. Unaogopa. Mi nahitaji mutu mwenye anapenda."

Alichukua imani yangu, akaichezea mbele za watu, kisha akaninyima jiko kwa sababu ya hofu aliyonipa yeye. Nilimchukia. Si ile chuki ya kusema tu. Nilikuwa naamka nayo, napanda nayo basi. Na kilichonikera zaidi ni kwamba juu ya ule uso wangu alikuwa amesema kweli.

Nikahamia Columbus kwa binamu yangu. Nikapata kazi jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee, chakula laini kisicho na ladha, viazi vya kusaga na karoti za kusaga. Sikuwa na wa kumwogopa pale, nikaanza kupika ninavyojua. Nilitia bizari kwenye mchicha. Nililaza viazi kwenye mafuta. Kulikuwa na bibi mmoja asiyejua jina la mwanawe lakini anajua siku ya tortilla, akaanza kugonga meza tangu saa nne asubuhi. Baada ya mwaka nikafanywa msimamizi wa jiko, nikapewa kofia, na nikawa nayaonja yote bila kumtazama mtu. Kanisani nilirudi kuimba. Shefu nilimsahau, ndivyo nilivyowaambia watu, kisha nikaendelea kumtaja kwa nusu saa.

Mama Furaha alinipigia mwisho wa majira ya baridi. Walikuwa wamehamia Buffalo, binti yao Furaha ameolewa huko.

"Mudogo wangu, njoo Buffalo Jumapili hii. Shefu anakuomba."

"Shefu hajawahi kuniomba kitu, Mama Furaha."

"Ndio hivyo. Sasa anakuomba."

Akanieleza. Mkwe wao, kijana mwenye bidii anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, alikuwa amepata chumba cha biashara huko North Buffalo, zamani kilikuwa duka la donati. Alitaka kufungua mgahawa wa visahani. Mwenye jengo alikuwa bibi wa Kizungu, mjane, aliyekuwa amewakataa wapangaji wawili kwa sababu chakula chao hakikumpendeza, na amesema atakula kwanza ndipo atoe ufunguo. Jumapili mchana Shefu atampikia. Nilikubali. Sikwenda kwa huruma. Nilitaka anione na kofia yangu.

Jumapili nilimkuta kwenye chumba kile cha biashara, amebaki fremu. Mwaka uliopita madaktari walimchoma koo kwa mionzi kwa ajili ya uvimbe, uvimbe ukaisha, naye akaisha nao nusu. Shati lilikuwa linamning'inia. Nje, mezani, walikaa bibi mwenye jengo, Furaha na mumewe, na Mama Furaha. Shefu alinivuta jikoni, akarudisha mlango, akachota mchicha na dengu kwenye kijiko.

"Dada, onja."

Alikuwa hajawahi kuniita dada. Nikamuuliza kwa nini asionje mwenyewe.

"Ulimi imekufa," akasema. "Toka ile mionzi. Chumvi, sukari, siki, yote iko sawa maji. Muke wangu hajui. Batu wote hawajui. Mi napika kwa kukumbuka. Usiwaambie."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili, hakuna shaka, alikuwa ametia akasahau akatia tena, maana hakukuwa na kitu mdomoni cha kumkumbusha. Ulimi uliniwasha. Na haikuwa kazi ngumu kuokoa. Kwenye rafu kulikuwa na makopo matatu ya dengu, na mchicha mbichi ulikuwa bado umejaa kwenye bakuli. Ilihitaji robo saa. Bibi alikuwa anakunywa maji taratibu, hana haraka.

Shefu alikuwa ananitazama mdomo. Nilifurahi. Sitaficha hilo. Niliwakumbuka akina mama wa kwaya wakigeuka, nikalikumbuka benchi la nyuma, nikafurahi mpaka vidole vya miguu.

"Iko vizuri, Shefu," nikasema. "Usiguse kitu."

Macho yake yakajaa maji. "Merci," akasema. "Merci, dada." Akapakua mwenyewe kwenye visahani vinne, akapangusa kingo kwa kitambaa, akatoka navyo akiwa amenyoosha mgongo.

Nilisimama mlangoni. Bibi akala kijiko kimoja. Akashusha kijiko. Akanywa maji yote yaliyokuwa kwenye glasi, akajipangusa midomo. "Interesting," akasema kwa adabu, na mkono wake ukashuka kwenye kiti kuufuata mkoba. Mkwe aliinamisha kichwa. Shefu hakuweza kujua alichokipika, lakini mkoba aliuona. Aliutazama mkoba, akanitazama mimi, na akaelewa. Nilimwona akielewa.

"Furaha," akasema, "mwambie ule mama mwenye nyumba asitoke. Mwambie hii nimepika mi, na mi ulimi yangu haisikie kintu, ni ile ugonjwa."

"Dad, what? Since when?"

Mama Furaha aliweka mkono mdomoni.

"Mwambie tu. Mwambie jiko haitakuwaka yangu. Ni ya ule dada. Ndio sababu nilimuita atoke Columbus, nilikuwa nataka kumuambia kiisha kula. Akae, aonje mukono yake, kiisha aende kama anataka."

Furaha akatafsiri, sauti ikimkatika. Bibi alinitazama mimi na kofia yangu, akauachia mkoba.

Shefu akaingia jikoni nyuma yangu, akafunga mlango.

"Ni chumvi?"

"Ni chumvi."

"Na uliisikia?"

"Niliisikia, Shefu."

Nilingoja anitukane. Alimwaga sufuria lote kwenye pipa, akawasha moto, akasogea pembeni kunipisha.

"Bon. Pika."

Nikapika. Bibi alikula visahani viwili, akaomba mkate wa kupangusia mchuzi, na ufunguo akauacha mezani. Jiko hilo ninalo mpaka leo. Lakini ile robo saa yote Shefu alisimama bega kwa bega nami, na kila nilipoweka kijiko mdomoni aliniangalia usoni, akitafuta humo kujua chakula kimefikia wapi, na mimi sikuweza kuuinua uso wangu.